Mwanamkasi binti Pazi, Aliyekalia Kifuniko cha Kisima

Waombolezaji wenzetu mliofika Mng'ongoni asubuhi hii ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 1958, maisha ya Bi Mwanamkasi binti Pazi yameandikwa na mumewe, Mwalimu Muhidini bin Rehani, na yanasomwa na mdogo wa marehemu, Salumu Pazi, kwa sababu sauti ya mwandishi leo haina uhakika wa kufika mwisho wa ukurasa. Jeneza liko tayari, kaburi limekwisha chimbwa, na mlango wa ua umezibwa na mtu aliyeuketia tangu alfajiri, lakini mtu huyo ana haki yake, nayo tutaifikia mahali pake.

Marehemu alizaliwa hapa Mng'ongoni tarehe 14 Machi 1922, akiwa binti wa Mzee Pazi bin Mgeni, mpika mafuta ya nazi aliyejulikana mpaka Kiwangwa, na Bi Ashatu binti Bwanausi. Mng'ongoni ya siku zile haikuwa na mtaa wala duka, ilikuwa na minazi, mihogo, msikiti wa udongo, na kisima kimoja ambacho maji yake yalikuwa matamu masika tu, mvua zikikatika yanageuka chumvi, chai ikipikwa kwa maji hayo mgeni hudhani anafanyiwa mzaha. Kwa hiyo kila kiangazi wanawake walibeba mitungi na kwenda kuteka mto Wami, na mto Wami, kama kila mtu hapa anavyojua, una wenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 1934, marehemu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikwenda mtoni pamoja na mdogo wake Dija, akajaza mtungi wake kwanza, akageuka kumpokea mdogo wake wa kwake, akaukuta mtungi unaelea. Mamba hakurudisha hata leso. Marehemu hakulisimulia jambo hilo zaidi ya mara mbili katika ndoa ya miaka kumi na sita, lakini tangu siku ile hakupata kukaa mahali popote bila kuuliza kwanza maji yako wapi.

Alisoma chuoni kwa Mwalimu Bi Tabia, akahitimu Kurani akiwa bado mdogo, kisha alipelekwa Bagamoyo kwa shangazi yake, Bi Mwanvita wa Dunda, ambako alijifunza kushona na kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hizi za Kizungu alijifunza baadaye kwa mumewe, akizilalamikia kuwa zinatembea kinyumenyume. Kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya baba yake, kukuna nazi, kukamua tui, na kulikalia jikoni mpaka mafuta yajitenge, naye alikuwa akisema kwamba mafuta na mtu mkaidi ni kitu kimoja, ukivikoroga vinakuudhi, ukivisubiri vinakuja juu vyenyewe.

Mwalimu Muhidini, aliyerudi kutoka chuo cha Makerere mwaka 1941 na kupangiwa kazi Bagamoyo, alikuwa mpangaji jirani na Bi Mwanvita. Posa ilipopelekwa, wazee walileta jibu lenye swali, ambalo mpelekaji posa alilitaja kwa aibu kidogo, kwamba binti hataki kujua bwana huyo anapata mshahara gani wala amesoma mpaka wapi, anataka kujua kutoka mlangoni kwake mpaka kisimani ni umbali gani. Alijibiwa kwamba ukitema mate yanafika. Ndoa ilifungwa Dunda tarehe 7 Novemba 1942, na Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Mwajabu aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1944, Ramadhan aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1947 katika mwezi wa jina lake, na Mgeni aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1951. Shule ya Mng'ongoni ilipofunguliwa mwaka 1949 mumewe alihamishiwa hapa kuiongoza, na marehemu, aliposhuka na mizigo yake na kuonja maji ya kisima cha utotoni, aliwatangazia jirani wote kuwa ameolewa kwa ulaghai.

Sasa yanakuja mambo ambayo ndiyo yaliyoifanya Mng'ongoni mji, na wengi wenu msingekuwa hapa leo kama yasingekuwapo. Mwezi wa Septemba 1951 walifika wapimaji wa kampuni ya mafuta, wakapiga mahema chini ya mng'ongo mkubwa, na mkalimani wao akauliza wazee kama katika ardhi hii kumewahi kuonekana dalili za mafuta. Mzee Pazi, Mungu amrehemu, alijibu kwa moyo mweupe, "Mafuta tele, bwana, chombo chako tu," akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya nazi ya juzi yake. Mzungu alinusa, akatia kidole, akalamba, akaandika. Ukweli ni kwamba kampuni ilikuwa na ramani zake na ingekuja hata kama Mzee Pazi angenyamaza, lakini greda la kwanza lilipoingia likiangusha vichaka, hakuna aliyetaka kuusikia ukweli huo, watu wote walisema chupa ya Pazi imeita, na mpaka leo asiyesema hivyo hahesabiwi kuwa mwenyeji.

Basi Mng'ongoni ikachangamka. Malori yakaja yakifuatana, mabomba yakalala njiani kama magogo, watu wakamiminika kutoka Lugoba, Kiwangwa, Dar es Salaam na bara kabisa, mafundi cherehani, vinyozi, wachoma mahindi, mganga mmoja aliyedai kuwa anaweza kuyanusa mafuta na akashindwa kuunusa moshi wa nyumba yake mwenyewe. Mwezi wa Februari 1953 mnara wa chuma ulisimamishwa, mrefu kuliko mnazi wowote, mwalimu akawafundisha watoto jina lake la kitaalamu na hakuna aliyelitumia, kwa kuwa marehemu alikuwa amekwisha uita Mlingoti. Majina karibu yote ya mji huu yalitoka jikoni kwake. Mahali greda liliponasa topeni mpaka likafunga ndoa na chura, akapaita Kona ya Greda, na pale wafanyakazi wa kwanza waliposali chini ya hema, akapaita Msikiti wa Turubali, jina ambalo msikiti haukuliacha hata baada ya kuezekwa bati. Mtaa uliopitishiwa waya wa kupeleka taa kwa Wazungu ni Mtaa wa Stimu, ingawa nyumba za mtaa huo hazijapata kuiona stimu hata kwa mbali, na hilo nalo alilikusudia. Mgeni akipotea alielekezwa kwa majina hayo, karani wa kampuni akayaweka katika mchoro wake, na ndiyo sababu mji huu ukiusoma kwenye karatasi unaisikia sauti ya mwanamke mmoja.

Yeye mwenyewe alifungua hoteli katika Uwanja wa Mapipa, hoteli ya makuti na mabenchi, akipika wali wa nazi, maharage na samaki wa kupaka, na asubuhi vitumbua vilivyokuwa vikigombewa kabla havijatoka chunguni. Hapo ndipo alipokutana na Bwana Mpuya, Mnyamwezi wa Urambo, msimamizi wa vijana wa mitambo. Vijana wetu wa leo ambao wameanza kuusahau utani wakumbushwe kwamba sisi Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, na kwamba mtani akikitia mkono kitu chako na kusema nimekikamata, huna ruhusa ya kumnyang'anya wala kukasirika, kazi yako ni kukikomboa kwa anachotaka. Bwana Mpuya siku ya kwanza alimwambia kuwa watu wa pwani wamechoka kwa kulala, akajibiwa kuwa wamechoka kwa kuwangoja wapagazi wa Kinyamwezi wafike. Siku ya pili aliukamata upawa wa hoteli, hakuna aliyepakuliwa mpaka ulipokombolewa kwa sahani ya wali na kichwa cha samaki. Siku ya tatu marehemu aliikamata kofia yake ya chuma, akauzia vitumbua ndani yake mbele ya wafanyakazi wote, na mwenye kofia akawa anakwenda kazini na kilemba cha taulo. Mji mzima ulikuwa ukipita hotelini kusikiliza nani kamkamata nani, na Mwalimu Muhidini, aliyezoea nyumba yenye utulivu, alijifunza kucheka akiwa na chakula mdomoni.

Kabla ya kuchimba mafuta kampuni ilihitaji maji ya kutumia katika uchimbaji, kwa hiyo mwaka ule ule wa 1953 ilichimba kisima chembamba kando ya mng'ongo, kirefu kupita kamba yoyote tuliyoijua, wakateremsha bomba la chuma, na maji yakapanda yenyewe bila kuvutwa, baridi, meupe, matamu. Bwana Mpuya aliomba ruhusa ya kutoa bomba dogo nje ya ua wa kampuni kwa ajili ya wanakijiji, akapewa. Asubuhi ya kwanza wanawake walijipanga kwa vigelegele, na marehemu alipofikiwa na zamu yake alijaza mtungi, ukajaa, ukamwagika, naye hakuunyanyua. Alisimama akiyatazama maji yanavyopita miguuni mwake, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Dija, njoo uteke." Waliokuwa nyuma yake hawakumharakisha.

Kisima kikubwa, kile cha mafuta, kiliendelea kushuka chini mwaka huo na uliofuata, na mji wote ukaishi kwa kukisikiliza. Tarehe 11 Mei 1954, kabla ya adhuhuri, ardhi ilinguruma, bomba likapiga mluzi, na kitu cheusi kikaruka hadi nusu ya Mlingoti. Haijapata kuonekana mbio kama ile. Watu walitoka na madebe, mitungi, chupa, bakuli za harusi, bibi mmoja na kikombe cha kahawa, mwalimu aliwaachia watoto ruhusa kwa sababu walikuwa wamekwisha jipa wenyewe, na wazee walikuwa wakikumbatiana na kumwita Mzee Pazi aje aone yaliyoitwa na chupa yake. Watu walijipaka usoni, walipaka watoto, fundi cherehani alipaka mashine yake. Marehemu alifika na kata, akakinga, akanusa, akaonja mbele ya umati uliokuwa ukimsubiri, akatema. Yalikuwa matope ya moto na maji ya chumvi. Alisema, "Basi nazi zetu hazijaletewa mke mwenza," na watu waliokuwa karibu kulia wakajikuta wanacheka, weusi usoni kama masufuria, na siku ile iliisha kwa ngoma badala ya matanga.

Kampuni ilijaribu tena mara mbili, haikupata, na mwezi wa Juni 1956 amri ikaja kwamba kazi imekwisha, mnara ushushwe, na mashimo yote yafungwe kwa saruji na kifuniko cha chuma. Marehemu aliuliza kama yote ni pamoja na kisima cha maji, akajibiwa kuwa kwenye karatasi shimo ni shimo. Mwalimu Muhidini aliandika maombi kwa ofisi ya wilaya, na ofisi haikukataa, ilisema inalishughulikia, lakini saruji ilikuwa imekwisha fika, na saruji haisubiri ofisi. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mwanamke wa mji huu. Kisima kikifungwa, kiangazi kile kile mabinti watarudi mtoni, na Mwajabu alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili.

Asubuhi ya tarehe 18 Juni, Bwana Mpuya na vijana wake walikiteremsha kifuniko kutoka kwenye lori, sahani nzito ya chuma iliyowatoa jasho wanaume wanne, wakakilaza mchangani kando ya kisima na kugeuka kukoroga saruji. Walipogeuka tena, Bi Mwanamkasi alikuwa ameketi juu yake, amekunja miguu, kanga mbili, na sufuria ya maharage ubavuni. Akasema, "Mtani, nimekikamata. Kikomboe."

Vijana walianza kucheka, kisha walipouona uso wa msimamizi wao wakaacha. Bwana Mpuya alimsihi, alimwambia kuwa hili si upawa, hii ni kazi yake na mkate wa watoto wake, na mhandisi yuko njiani. Marehemu alimjibu kuwa hakumbuki babu zao waliweka utani wa vitu vyepesi peke yake. Nusu ya vijana walikuwa Wanyamwezi, wakatupa koleo chini, wakasema hawawezi kumnyanyua mtani na chuma chake, na nusu nyingine walikuwa wateja wa hotelini. Mhandisi alipofika na kuuliza kazi imekwama wapi, Bwana Mpuya alivua kofia yake ya chuma, ile ile ya vitumbua, akasema, "Huyu ni mtani wangu, bwana. Nikimnyang'anya, mimi si mtu tena kwetu wala hapa."

Mhandisi alieleweshwa kwa muda mrefu maana ya utani, na ni haki kuandika kwamba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kikomboleo ni nini. Marehemu alisema ni kisima chenyewe kibaki wazi na bomba lake. Mhandisi akajibu kuwa hilo liko juu ya uwezo wake, atapeleka simu Dar es Salaam, na mpaka jibu lije chuma kibaki kilipo. Kikabaki, na marehemu akabaki juu yake. Wanawake walimpokea kwa zamu akienda kusali na kuwanywesha watoto uji, wakapika pale pale, wakaimba pale pale, msichana mmoja akasukwa pale pale kwa ajili ya harusi yake, na Bwana Mpuya, aliyekuwa adui wa mchana, ndiye aliyekuwa akiwaletea kuni na kuwaambia kuwa chuma hicho kikiangua vifaranga nusu ni wake. Siku ya tatu jibu likaja pamoja na barua ya wilaya, kwamba kisima kiachwe iwapo yupo mkazi atakayekubali kuwa mwangalizi wake, na mhandisi akauliza aandike jina la nani. Watu wote walimtazama aliyeketi.

Aliponyanyuka alishindwa kusimama kwa ganzi, mtani wake akampa mkono, na akiwa bado ameushika wa kwake, Bwana Mpuya akamwambia, "Kifuniko kitashika kutu, utani haushiki. Siku yako ikifika, na mimi nitakikalia." Kampuni iliondoka, Mlingoti ulishushwa, malori yakapungua, waliokuja kwa mafuta wengine wakarudi kwao na wengine wakabaki kwa maji. Kifuniko kilitundikwa kwenye tawi la mng'ongo kikawa kengele ya shule, na kwa miaka miwili hii marehemu aliliangalia bomba kila alfajiri, akibadilisha ngozi ya koki, akifukuza mbuzi, akiwapanga wenye haraka na wasio na haraka, na hakuna binti wa Mng'ongoni aliyekwenda mtoni kuteka.

Mwezi wa Januari mwaka huu alianza kusikia maumivu upande wa kulia wa tumbo, akapelekwa hospitali ya Bagamoyo, na mwezi wa Aprili Dar es Salaam, ambako waganga walifanya lililo katika uwezo wao na kutueleza kwa upole lililo nje yake. Alirudi nyumbani kwa hiari yake mwezi wa Julai, kitanda chake kikawekwa dirishani, mahali ambapo maji ya bomba yanasikika yakiingia kwenye madebe, akawa anaweza kumtambua mtekaji kwa sauti ya chombo chake. Alifariki jana Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1958, alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Bagamoyo na Dar es Salaam, walimu wenzake Mwalimu Muhidini waliozishika zamu zake bila kuombwa, Bi Mwanvita aliyekuja kutoka Dunda na hajavua kanga ya safari, na akina mama wa Uwanja wa Mapipa waliopika hapa kama kwamba kila mmoja amefiwa na dada yake, na hawakukosea.

Amebaki mmoja. Bwana Mpuya, ambaye siku hizi anatengeneza baiskeli Bagamoyo, alifika alfajiri kwa baiskeli, alikwenda chini ya mng'ongo, akakifungua kifuniko kutoka kwenye tawi, akakiviringisha mpaka hapa, akakilaza katikati ya mlango wa ua na kukiketia. Amesema amelikamata jeneza. Wazee wamempa kuku, amekataa, wamempa shuka, amekataa, amesema watu wa pwani hata kwenye msiba hawajui bei. Kikomboleo anachotaka ni kata moja ya maji ya kisima kile, itakayoletwa na mkono wa Mwajabu.

Mwajabu yuko bombani sasa. Akirudi, mtani atakunywa, atasimama, atakuwa wa kwanza kushika jeneza, na sote tutatoka naye.

Mwanamkasi binti Pazi, koki imefunguliwa na maji yanatoka. Pumzika kwa amani.